Namba za Injini na Fremu za Pikipiki za Jeshi, Vita Kuu ya Pili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila baada ya wiki chache naletewa picha ileile kwenye simu: kipande cha aluminiamu kimejaa mafuta meusi, kidole gumba kinaonyesha herufi WM20, na swali chini yake: "Kaka, hii ni ya mwaka gani?" Nimechoka kuandika jibu moja mara mia, kwa hiyo nimekusanya hapa maswali yote ninayoulizwa, pamoja na machache ambayo watu wangepaswa kuuliza kabla ya kutoa hela.

Nimekuta pikipiki kuukuu kwenye stoo ya babu. Nianze na namba ipi?

Usianze na namba. Chuchumaa kando yake uitazame injini kwanza, maana namba bila kujua ni injini gani ni kama namba ya simu isiyo na jina.

Ukiona silinda moja kubwa imesimama wima, na juu ya kichwa chake hamna kitu zaidi ya mapezi ya kupozea na plagi, hiyo ni injini ya valvu za ubavuni. Kwa pikipiki za Uingereza za wakati wa vita, mara nyingi itakuwa BSA M20 ya cc 496 au Norton 16H ya cc 490. Silinda moja yenye valvu za juu, ya cc 350 hivi, itakuwa Matchless G3L, Ariel W/NG, Royal Enfield WD/CO au Triumph 3HW. Silinda mbili zilizopanuka kama herufi V ni za Mmarekani: Harley-Davidson WLA ya cc 740 hivi, au Indian 741 ya cc 500. Silinda mbili zilizochomoza moja kushoto moja kulia ni ukoo wa BMW, Zündapp na M-72 ya Warusi, na huko ndiko kwenye ujanja mwingi. Nitaufikia.

Kwa wingi, M20 inazishinda zote za Uingereza. Kiwanda cha BSA pale Small Heath, Birmingham, kilitoa takriban 126,000 wakati wa vita. Ndiyo maana sehemu kubwa ya ukurasa huu ni M20.

Namba za M20 ziko wapi, na nizisafisheje?

Zipo mbili. Ya injini iko kushoto, kwenye kesi ya injini, chini kidogo ya pale silinda inapokalia. Ya fremu iko kushoto vilevile, shingoni, pale mhimili wa usukani unapopita. Huwa imefunikwa na tabaka tatu nne za rangi, na kila mwenyewe aliyepita alipaka rangi aliyoipenda yeye.

Safisha kwa mafuta ya taa, mswaki wa zamani na subira. Penye rangi tumia dawa ya kutoa rangi, uiache ifanye kazi yake. Usiguse grenda. Usiguse hata brashi ya waya ya kufunga kwenye drili. Najua ninachosema: mwaka wa kwanza nilipoanza mambo haya niliifunga brashi hiyo, nikaisugua kesi kwa furaha kabisa mpaka ikang'aa kama sufuria mpya, kisha nikainama kusoma. Tarakimu ya mwisho mpaka leo sijui kama ni 3 au 8. Kesi ni aluminiamu, laini, na namba imeingia ndani kidogo tu.

Ikishakuwa safi, zima taa ya juu na umulike tochi kutoka ubavuni, karibu ilale juu ya chuma. Kivuli ndicho kinachosoma namba. Unaweza pia kupaka unga wa chaki na kuufuta juu juu, ili mweupe ubaki ndani ya mikato. Au weka karatasi nyembamba na kuipitia kwa penseli laini, kama watoto wanavyochora sarafu. Karatasi hiyo itunze. Mara nyingi inaonyesha kile ambacho kamera imekikosa.

WM20 maana yake nini? Je, tarakimu zinazofuata zina mwaka ndani yake?

M20 ni aina ya pikipiki. Herufi ya mbele ndiyo ya kipindi. BSA walikuwa na desturi ya kubadili herufi kila msimu: za 1939 zina K, yaani KM20. Vita vilipopamba moto wakaweka W na kubaki nayo mpaka mwisho. Baada ya vita zikaja XM20 na wadogo zake, za raia.

Hapo ndipo watu wanapojikwaa. WM20 inakuambia "vita", basi. Haikuambii 1941 wala 1944. Tarakimu zinazofuata ni mfululizo tu, na kupata mwaka kutoka kwenye mfululizo kunahitaji daftari la kiwanda au orodha ya mikataba ambayo jeshi liliagizia pikipiki hizo. Mtu akikutazama machoni na kusema "hii namba inaanza na 4, kwa hiyo ni ya 1944", mshukuru kwa chai na uondoke.

Angalia pia kama kweli unasoma M20. Kuna M21, ndugu yake mwenye cc 591, na baada ya vita injini zake zilipachikwa kwenye fremu za M20 bila aibu yoyote, kwa sababu zinaingia na zina nguvu zaidi.

Namba ya injini na ya fremu hazilingani. Nimepigwa?

Hili ndilo swali linalokuja na hasira, na jibu lake huwashangaza wengi: kwenye M20, hazikulingana tangu siku ya kwanza. BSA walizigonga namba injini zao kwa mfululizo wake, na fremu kwa mfululizo wake. Injini ilipokutana na fremu, kila mmoja alikuja na namba yake. Kwa hiyo M20 ya vita ambayo namba zake mbili ni zilezile kabisa ndiyo ya kukunyima usingizi. Mtu fulani, mahali fulani, alizisawazisha kwa nyundo ili mnunuzi afurahi.

Halafu fikiria maisha iliyoishi. Aliyepanda hii alikuwa tarishi wa jeshi, amebeba mfuko wa barua, usiku, taa imefunikwa isionekane na ndege. Injini ilipokufa hakuna aliyekaa kungoja injini hiyohiyo itengenezwe. Ilishushwa, ikapandishwa iliyokuwa tayari kwenye rafu, na ile mbovu ikapelekwa karakana kufumuliwa. Mwaka 1942 Waingereza waliunda kikosi kizima cha mafundi, REME, kwa kazi hizi. Injini iliyotengenezwa ikaenda kwenye pikipiki nyingine kabisa. Vita vilipokwisha, baadhi ya M20 zikaingia kwenye majeshi mengine ya Ulaya, na huko nako zikafumuliwa tena. Nyingine ziliuzwa kwa mnada kwa raia, na raia naye ana fundi wake.

Kwa hiyo mimi ninapotazama M20 yenye injini ya katikati ya vita ndani ya fremu ya mwanzoni mwa vita, naona pikipiki iliyofanya kazi. Naiamini kuliko ile iliyopangwa kama darasa la mkaguzi.

Kuna tofauti moja ya kuizingatia. Injini ya WM20 ndani ya fremu ya WM20, namba zikiwa mbalimbali, ni hali ya kawaida. Injini ya WM20 ndani ya fremu ya XM20 ni pikipiki ya raia ya baada ya vita iliyovishwa sare. Inapanda vizuri tu, lakini bei yake isiwe ya askari mstaafu.

Na Norton 16H nayo hivyo?

Hapana, na ndiyo sababu watu huchanganya. Norton, pale Bracebridge Street, Birmingham, walitoa pikipiki karibu 100,000 wakati wa vita, nazo zilitoka kiwandani injini na fremu zikiwa na namba moja, yenye W mbele yake. Kwenye Norton, namba kulingana ni jambo la kufurahia, ingawa karakana za jeshi ziliwachanganya hawa pia. Ukikutana na Norton kubwa zaidi, ya cc 633, yenye kigari cha pembeni ambacho gurudumu lake nalo linasukumwa na injini, hiyo ni Big Four. Ziko chache, na vigari vyake vingi viliondolewa baada ya vita.

Vipi Matchless, Ariel, Royal Enfield na Triumph?

Kwa ufupi, kwa sababu siwafahamu kama ninavyomfahamu BSA.

Matchless G3L, kutoka Plumstead, London, ni ya kuanzia 1941, na utaitambua kwa macho kabla ya namba: mbele ina shokapu za mabomba, wakati wenzake wengi wa Uingereza wa vita wana foki ya vyuma na springi moja kubwa katikati. Matarishi waliipenda kwa hilo. Ukiona G3 yenye foki ya springi, ni kaka yake wa kabla ya L.

Ariel W/NG na Royal Enfield WD/CO zinatambulika kwa herufi za kiwanda kabla ya tarakimu. Enfield walikuwa pia na kale ka cc 125, WD/RE, wengi wanakaita Flying Flea, yaani kiroboto arukaye, kilichotengenezwa kwa ajili ya askari wa miavuli. Mtu mzima anaweza kukinyanyua.

Triumph 3HW ina historia ya kusikitisha. Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 ndege za Wajerumani ziliuteketeza mji wa Coventry, na kiwanda cha Triumph kikaenda nao. Kazi ikahamia kwa muda Warwick, kisha Meriden mwaka 1942. Mtu anayetafuta karatasi za Triumph ya kabla ya usiku ule ajiandae kukuta mapengo.

Kwenye tangi, chini ya rangi, imetokea herufi C na tarakimu nyingi. Hiyo nayo ni namba ya injini?

Simama hapo hapo na uache msasa! Hiyo ni namba ya sensa ya jeshi la Uingereza, na huenda ni kitu cha thamani kuliko vyote ulivyonavyo. Kila chombo cha jeshi kilipewa moja: herufi ilionyesha aina, na C ilikuwa ya pikipiki. Malori yalikuwa na L, vifaru T. Namba hiyo ilipakwa kwa rangi ubavuni mwa tangi, haikugongwa kwenye chuma, kwa hiyo ni chache zilizosalimika.

Kuifikia taratibu, tumia msasa laini kabisa wa maji, sugua eneo dogo, futa, tazama, sugua tena. Utapita kwenye rangi kama mtu anayemenya kitunguu: nyekundu ya mwenye pikipiki wa mwisho, nyeusi ya aliyemtangulia, kisha kijani au kahawia iliyofifia ya jeshi, na humo ndani tarakimu nyeupe. Vaa barakoa na usugue ikiwa na maji, maana rangi za zamani zina madini ya risasi, yenye sumu, ndani yake. Piga picha kila tabaka.

Faida yake ni hii. Mikataba ya jeshi ilikuwa na namba ya sensa ya kwanza na ya mwisho, na vivyo hivyo kwa fremu. Ukiwa na namba ya fremu na namba ya tangi, na zote mbili zikaangukia kwenye mkataba mmoja, tangi na fremu hizo zimeishi pamoja tangu kiwandani. Zikiangukia kwenye mikataba tofauti, tangi lilitoka kwa jirani.

Ukikuta namba ya muundo wa tarakimu mbili, herufi mbili, tarakimu mbili, huo ni mfumo mpya wa kuanzia 1949. Pikipiki yako ilibaki jeshini baada ya vita na ikapewa jina jipya.

Kuna alama ya mshale imegongwa kwenye kifaa. Ni fundi aliyeweka?

Ni serikali ya Uingereza. Mshale mpana wenye mistari mitatu inayokutana juu ni alama ya mali ya serikali, na utaukuta kwenye spidomita, vifaa vya umeme, hata spana. Mshale ulio ndani ya herufi C ni wa Kanada. Alama hii inathibitisha kifaa hicho tu. Spidomita yenye mshale inaweza kufungwa hata kwenye baiskeli.

Harley yangu imeandikwa 42WLA. Kwa hiyo ni ya 1942?

Huenda. Huenda pia ni ya 1943 au 1944. Baada ya shambulio la Pearl Harbor, Desemba 1941, kiwanda cha Harley kule Milwaukee kiliendelea kugonga 42 kwenye WLA zote mpaka vita vinakwisha, mfululizo ukisonga mbele tu. Ndiyo maana dunia nzima imejaa "42". Zile za Kanada zimeandikwa WLC.

Namba hiyo iko kushoto, kwenye kikalio cha kesi ya injini chini ya silinda. Lakini ukitaka kuijua Harley vizuri, tandika gunia ulale chali. Chini ya tumbo la injini, kila nusu ya kesi ina namba yake ndogo, na hizo mbili ndizo zinazotakiwa kufanana. Nusu mbili zilichongwa pamoja kama jozi ili mashimo ya beringi yaelekeane, na namba ya tumboni ndiyo iliyozizuia zisipotezane. Zikitofautiana, mtu ameunganisha kesi mbili zilizovunjika kuwa moja. Inaweza kutembea miaka mingi, lakini ujue unachonunua. Namba ya tumboni haifanani na ile ya juu, na haipaswi kufanana nayo. Usiogope.

Vibati vya maelezo vilivyo juu ya tangi visikutie imani. Vinatengenezwa vipya na kuuzwa hadi leo, vizuri kuliko vya zamani.

Nimetafuta namba ya fremu ya WLA siku nzima sijaiona.

Pole, haipo. Harley hawakugonga namba ya utambulisho kwenye fremu mpaka 1970. Pikipiki ilijulikana kwa injini yake tu. Ukikuta fremu ya WLA yenye namba nzuri iliyonyooka, iliongezwa baadaye, pengine na ofisi ya nchi fulani iliyodai lazima iwepo.

Na kwetu huku inadaiwa pia. Fomu ya usajili ina chumba cha namba ya injini na chumba cha namba ya chesisi, na ofisa aliyezoea Boxer na TVS hatakuelewa kirahisi ukimwambia chesisi haina kitu. Nenda na picha, nenda na maelezo ya maandishi kutoka klabu inayotambulika, na uyapeleke mapema, kabla mzigo haujafika bandarini. Usikubali ushauri wa "gonga tu namba yoyote, mzee". Siku ya kuuza, namba hiyo itakuhukumu.

Nitajuaje kama namba imegongwa upya?

Hakuna dalili moja inayotosha, ila zikikutana tatu, funga pochi.

Tazama uso wa chuma kabla ya kusoma namba. Kesi ilimiminwa kwenye mchanga, kwa hiyo ngozi yake ina chembechembe kama ganda la chungwa. Palipo na namba pakiwa laini na pamezama kidogo kuliko pembeni, mtu amepasugua. Angalizo: viwanda vingine vilipachonga pawe bapa kabla ya kugonga, kwa hiyo linganisha na kesi nyingine ya aina hiyohiyo, usihukumu kwa moja.

Kisha tazama namba zenyewe. Zilipigwa kwa chapa na nyundo, mkono wa mtu, kazi za mamia kwa siku. Hazikunyooka kama za benki. Tarakimu moja imezama, nyingine imeinama kidogo. Namba iliyonyooka kama imepigiwa rula inatia shaka kuliko iliyopinda.

Halafu umbo la kila tarakimu. Rafiki yangu aliletewa kesi ya M20, ameshatoa nusu ya malipo. Tuliiweka mezani, tukaimulika kutoka pembeni. Sifuri ya kwenye "20" ilikuwa nyembamba, umbo la yai. Sifuri mbili za mwishoni mwa namba zilikuwa mviringo kamili, kama kitako cha glasi. Chapa mbili tofauti, mikono miwili tofauti. Tulipogeuza tochi, chini ya sifuri ya mwisho kikaonekana kivuli cha mkia, cha 9 au cha 7, hatukukubaliana. Muuzaji alipoulizwa alisema "ilikuja hivyo hivyo kutoka kwa Wazungu", jambo ambalo linaweza kuwa kweli kabisa.

Maana jeshi lenyewe liligonga upya. Kesi ilipovunjika karakana iliweza kuweka nyingine na kuigonga namba ya zamani, kwa chapa walizokuwa nazo. Hiyo si wizi, ni historia. Tofauti yake na ujanja wa juzi ni uzee: ukingo wa mkato wa zamani umelegea na kuingia uchafu na kutu nyeupe ya aluminiamu, wa juzi una ukingo mkali unaokwaruza kidole na ndani yake kunang'aa.

Namba imesuguliwa yote. Nasikia asidi inaweza kuirudisha?

Ni kweli, na si uchawi. Chapa inapopigwa, chuma kilicho chini ya mkato kinabanwa na kuwa tofauti na jirani yake. Ukisugua mpaka mkato ukapotea, kile kilichobanwa bado kipo chini, na asidi hukila kwa kasi tofauti, kwa hiyo namba huibuka kama kivuli kwa muda mfupi. Maabara za polisi hufanya hivyo kwa magari ya wizi. Kila chuma kina dawa yake, na ukikosea unafuta hata kile kilichobaki. Mimi siifanyi nyumbani, na pikipiki yenye namba iliyosuguliwa yote siinunui, kwa sababu swali la kwanza si namba ilikuwa ngapi. Ni nani aliyeisugua na kwa nini.

Nimeuziwa BMW R75 ya Wehrmacht, jeshi la Wajerumani, kwa bei nzuri sana.

Bei nzuri sana ndiyo dalili ya kwanza.

R75 zilitengenezwa kati ya 1941 na 1944, zaidi kidogo ya 16,000 tu, na nyingi ziliishia kwenye tope la Urusi na mchanga wa Libya. Zinazouzwa mitandaoni ni nyingi kupita zilizozaliwa. Hizo za ziada zinatoka wapi? Kabla ya vita Wasovieti waliichukua BMW R71 na kutengeneza mfano wake, M-72. Kutoka kwa M-72 zikazaliwa Ural na Dnepr, na huko China CJ750. Zote zina silinda mbili zilizolala na zinakubali kigari cha pembeni. Ukizipaka kijivu na kuzibandika nembo, mtu anayezitazama kutoka ng'ambo ya barabara hatatofautisha.

Sogea karibu. R75 halisi ina valvu za juu, gia ya kurudi nyuma, na mhimili unaovuka kwenda kusukuma gurudumu la kigari. Pembeni ya tangi na gia boksi kuna viwiko vya mkono vya kuchagua gia hizo. Namba zake ni tarakimu sita, zinaanza na 75 au 76. M-72 na CJ750 za mwanzo zina valvu za ubavuni: kichwa cha silinda ni bapa, hakina mfuniko wa valvu. Ural za baadaye zina valvu za juu, kwa hiyo usisimame hapo. Tafuta mhimili wa kigari na gia zake. Angalia pia Zündapp KS750, mpinzani wa R75 aliyetengenezwa kwa idadi inayokaribiana. Hiyo ni kitu kingine na ni halali kabisa.

Nikiwa hapo, niseme neno la kuitetea M-72. Kiwanda chake kilihamishwa kutoka Moscow mwishoni mwa 1941, Wajerumani wakiwa wanakaribia, kikapelekwa mpaka Irbit, ng'ambo ya milima ya Ural, na mwaka 1942 pikipiki zikaanza kutoka. M-72 ya vita ni chombo chenye historia yake. Kuivisha nguo za adui wake ni kuitukana.

Bila namba kabisa, naweza kukisia mwaka?

Kukisia, ndiyo, na kwa M20 inapendeza. Magineto na dinamo za Lucas hugongwa tarehe, mwezi na mwaka, kwa tarakimu ndogo. Ni kifaa kinachobadilishwa, lakini kikikubaliana na mengine ni shahidi mzuri.

Shahidi ninayempenda zaidi ni mpira. Mwanzoni mwa 1942 Wajapani waliiteka Malaya, na sehemu kubwa ya mpira wa Uingereza ikaenda nayo. Baada ya hapo mpira uliobaki ukawekwa kwa matairi. Mishikio ya usukani ikavalishwa turubai, na mahali pa kuwekea miguu pakabaki chuma kitupu. M20 yenye mishikio ya turubai na vikanyagio vya chuma inakunong'oneza "baada ya 1942". Inakunong'oneza tu, kwa sababu turubai mpya inauzwa.

Foki ya mbele haitakusaidia ndani ya vita, M20 zote zilikuwa na ya springi. Itakusaidia kuwatoa wa baada ya vita: shokapu za mabomba ziliwekwa kuanzia 1948.

Na pikipiki za Vita Kuu ya Kwanza? Hapa kwetu zilipita?

Zilipita. Mwaka 1916 kikosi cha waendesha pikipiki kutoka Afrika Kusini kilikuja kumsaka Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, katika Afrika Mashariki ya Wajerumani. Mtu aliyewahi kupita barabara ya vumbi ya Kondoa masika atakuwa na huruma nao. Pikipiki za Uingereza za vita vile, kama Triumph Model H ya cc 550 na Douglas za silinda mbili zilizolala, zina namba za kiwanda, lakini kila aina ina utaratibu wake. Na ukiambiwa kipande fulani kilichimbwa shambani kutoka enzi zile, kumbuka kwamba wazee wa Keya (King's African Rifles) wa vita vya pili nao walikuwa na pikipiki, na shamba halitaji karne.

Daftari za viwanda ziko wapi?

Kwa BSA na Triumph, anza na klabu ya VMCC (Vintage Motor Cycle Club) ya Uingereza, yenye maktaba ya daftari za kiwanda. Unatuma namba pamoja na picha, unalipa ada, unapata cheti au barua. Norton, Matchless na Enfield wana klabu zao za wenye pikipiki, na humo kuna watu wanaojua mikataba ya jeshi kuliko wanavyojua majina ya wajukuu zao. Waandikie kwa heshima, uulize jambo moja kwa wakati mmoja.

Fundi wangu ana chapa za kugongea namba. Nisawazishe tu yaishe?

Hapana. Ni kosa la jinai, na umeharibu pikipiki.

Nikutumie picha gani ili unisaidie?

Pikipiki nzima kutoka kushoto, kisha kulia, kabla hujaiosha. Namba ya injini ikiwa safi, tochi ikiwa pembeni, na kidole gumba kikiwa mbali. Namba ya fremu vivyo hivyo. Ile karatasi ya penseli. Nyuma ya spidomita, na kando ya magineto ikiwa tarehe inaonekana. Kwa Harley ongeza tumbo la injini, nusu zote mbili. Kwa tangi, picha ya rangi mahali ilipobanduka yenyewe, hata kama ni padogo kama kucha, na msasa uuache dukani mpaka nikujibu.